Mwanangu Alilia Kila Alipovishwa Jina la Babu Yake

"Huyu mtoto amemkataa baba yangu. Kamtafutie mwenye jina lake."

Hayo ni maneno ya mume wangu, jamani. Muhsin wangu! Aliyasema mlangoni mchana kweupe, begi langu liko nje kwenye vumbi, mtoto nimempakata, na majirani wa Masuguru wamesimama kama wanaangalia mechi.

Naitwa Shamimu. Kwetu ni Chanika, Handeni. Niliolewa Korogwe, mtaa wa Masuguru, kwenye familia ya Kisambaa, watu na heshima zao, nikawazalia mjukuu wa kiume. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nisikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe nilikaribia kuchanganyikiwa.

Kwenye ukoo wao, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu. Baba mkwe alishafariki, aliitwa Mzee Hiza. Na wanaamini hivi: mtoto akilipigia kelele jina, basi amemkataa mwenye jina. Si damu yake.

Muhsin ana mashine ya darizi pale mjini. Kazi yake kubwa ni nembo za shule kwenye masweta. Kwa ajili ya arobaini ya mwanawe alishona kikanzu cheupe, kifuani akadarizi HIZA kwa uzi wa kijani, herufi nene, na nyota pembeni. Aliifanya kazi ile kwa mapenzi, hilo siwezi kumnyima. Mama mkwe alipokiona alitokwa machozi.

Tukamvisha mtoto.

Alipiga yowe mpaka sauti ikakatika... Nikampa ziwa, hataki. Nikambembeleza, wapi. Mama mkwe akamvua ili ampepee, akanyamaza. Wageni walipofika akavishwa tena.

Yowe.

Siku zilizofuata mambo yakawa yale yale. Akifungwa kanga tu, mtoto ametulia. Akivishwa jina, analia kama amemwagiwa maji ya moto. Kifuani alikuwa na vipele vyekundu, mama mkwe akasema ni joto, nami nikakubali, maana joto la Korogwe mnalijua.

Aliyeanza kusema ni wifi yangu Hajira, dada yake Muhsin. Alisema taratibu, kama mtu anayenionea huruma.

"Mama, mbona huyu mtoto analikataa jina?"

Nyie... nikamvuta mwanangu kifuani.

Kisha akaleta kikanzu alichokivaa mwanawe alipokuwa mchanga. Nacho kilidariziwa na Muhsin, kimeandikwa SALIMU, jina la mtoto huyo. Akasema tujaribu. Mama mkwe akamvisha mwanangu.

Kimya. Mtoto akajinyoosha, akalala zake.

Hajira akanitazama. "Salimu si ndiye yule wa Chanika aliyetaka kukuoa?"

Ni kweli, kuna Salimu mwingine kule kwetu, mfanyabiashara wa mahindi, aliwahi kuleta posa kabla ya Muhsin. Baba alimkatalia, na mimi sijawahi hata kunywa naye soda. Lakini nani angenisikiliza?

Najua mnataka kuuliza habari za kipimo cha DNA. Nilikitaja. Muhsin akajibu kwamba mtoto mwenyewe ameshatoa majibu.

Ndipo begi likatoka nje. Mzee Athuman, baba mdogo wa Muhsin, akasema Ijumaa baada ya swala ukoo utakaa, mtoto avuliwe jina. Likishavuliwa halirudi, na talaka yangu ingefuata siku hiyo hiyo. Mwanangu angebaki mtoto wa kunyooshewa vidole maisha yake yote.

Nilipanda gari la Handeni, mtoto bado ana kikanzu cha Salimu mwilini, kile cha Hiza nimekisokomeza begini. Nililia njia nzima. Kuna mahali nilimwangalia mwanangu nikajiuliza, hivi kweli amekataa? Yaani nilifika huko, mimi mama yake, ninayejua sijawahi kulala na mwanaume mwingine.

Nyumbani mama alimpokea mtoto. Aliniambia nioge, kisha nifue nguo za mtoto.

Nikafua. Kwetu nguo yenye rangi au darizi huanikwa ndani nje ili jua lisiipaushe, mama alitufundisha tangu wadogo. Nikavigeuza vikanzu vyote viwili, nikavitundika kwenye kamba.

Nikaganda pale pale.

Kikanzu cha Salimu, nyuma ya darizi, kilikuwa na kipande cha kanga kuukuu, laini, kimeshonwa kwa mkono kuzunguka herufi zote. Hakuna uzi wa darizi hata mmoja ambao ungegusa ngozi ya mtoto.

Kikanzu cha Hiza hakikuwa na kitu. Nyuma ya jina kulikuwa na kile kitambaa kigumu kama karatasi ambacho Muhsin huweka ili herufi zisikunjamane, kimekatwa kona kali kali. Kulikuwa na mafundo ya uzi, na ncha za nailoni zimesimama kama mabua shambani baada ya kufyeka.

Nikakisugua shavuni. Jamani, nilijikwaruza!

Nikamfunua mtoto kifua. Vile vipele vya joto vilikuwa vimejipanga mstari, na pembeni yake kulikuwa na umbo la nyota.

Hapo sikulia tena. Nilichukua mkasi mdogo, nikakipunguza kile kitambaa kigumu mpaka karibu na herufi, kona nikazikata mviringo. Ncha za uzi nilizitafuta kwa midomo, maana vidole vyangu vimezoea jembe, havisikii vitu vidogo, nikazikata moja moja. Mama akatoa kanga yake iliyofuliwa miaka mpaka ikalainika, nikaifunika darizi yote kwa nyuma, mafundo nikayaficha.

Nikamvisha mwanangu jina la babu yake.

Akapiga chafya. Akalala.

Ijumaa nilikuwa Masuguru. Muhsin alitaka kunizuia mlangoni, Mzee Athuman akamwambia aniache, mtoto lazima awepo. Nikawaamkia wazee shikamoo, nikakaa mkekani. Sikujitetea. Nilitoa kikanzu cha Hiza nikamwomba mama mkwe kitu kimoja.

"Mama, mvishe wewe mwenyewe."

Akamvisha. Sebule nzima ikasubiri yowe... Mtoto akaanza kunyonya ngumi yake.

Mzee Athuman akaliita jina kwa sauti. Mtoto akamgeukia, akatabasamu na vifizi vyake.

Muhsin akasema huenda nimempa dawa. Nililitegemea hilo. Siku hiyo alivaa kanzu aliyoidarizi kifuani mwenyewe, na ndani singlendi, kama kawaida yake.

"Vua singlendi," nikamwambia. "Vaa kanzu tupu, ukae nayo mpaka wazee wamalize chai."

Wengine wakaguna, lakini Mzee Athuman akamwamuru. Akaingia ndani, akarudi. Vikombe havijafika nusu, anajikuna. Akavuta shingo ya kanzu, akachungulia kazi ya mikono yake. Miaka yote anadarizi masweta yanayovaliwa juu ya shati, hajawahi kulala na darizi yake ngozini.

"Mama Hiza," akasema polepole. "Mtoto alikuwa anaumia?"

"Alikuwa anakwambia."

Nikadhani yameisha. Kumbe!

Nilikuwa nimerudisha na kikanzu cha Salimu. Mama mkwe akakichukua, akakigeuza, akakipapasa kile kipande cha kanga.

"Hii kanga nilimpa Hajira alipojifungua. Hajira, ulijua?"

Wifi yangu akainama. Mwisho akasema. Salimu wake naye alilia vile vile, yeye akagundua sababu, akaifunika darizi, asimwambie mtu. Aliliomba jina la Hiza kwa ajili ya mwanawe, akaambiwa mtoto wa binti hapewi, lisubiri wa Muhsin.

"Mimi ndiye niliyemuuguza baba," akasema. "Muhsin alikuja kuzika."

Mama mkwe akakikunja kile kikanzu, akakiweka magotini. Nilimchukia, lakini nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jina likabaki. Muhsin akapiga magoti mbele ya wazee. Nikamwambia nimesamehe, ila narudi Chanika kwanza, na akija asilete zawadi, alete sindano. Alikuja kweli. Alikaa uani kwetu akifunika kwa mkono darizi za nguo zote za mtoto, mama akizikagua moja moja kwa shavu lake. Ndipo nikarudi kwangu.

Dada zangu, kaka zangu, nguo ya mtoto msiitazame kwa nje tu. Igeuzeni, isugueni shavuni, kateni ncha, nyuma muweke kitambaa laini. Na mtoto akilia, mvueni mumtazame ngozi kabla hamjamtazama mama yake vibaya.

Ile nyota kifuani kwa Hiza bado inaonekana kidogo. Muhsin akimwogesha huipitishia kidole taratibu.