Mshahara Si Karata

Kila asubuhi, kabla hajanyanyuka mezani, Verlene Fayard hupiga makofi mara moja, kisha hugeuza viganja juu na chini. Mumewe, Cleophus, humtazama na kucheka.

"Mke wangu, hapa hakuna kamera. Najua hujaniibia mkate."

"Mazoea hayo," Verlene humjibu. "Kula unyamaze."

Ni mazoea kweli. Miaka tisa amegawa karata katika kasino moja pale Biloxi, mji wa pwani jirani na Alabama, na mgawa karata haondoki mezani mpaka aonyeshe kuwa hakuficha kitu mkononi. Kazi yake anaipenda. Anawapenda hata wazee wanaokuja na basi kutoka Alabama, wanaobusu karata kabla ya kuzifunua, kana kwamba karata zina masikio.

Lakini Januari ile ilikuwa kavu. Sikukuu zilikwisha, watu wakabaki makwao na madeni yao. Kasino ilimlipa Verlene dola mbili na senti kumi na tatu kwa saa. Riziki iliyobaki ilitoka kwenye bakshishi. Wagawa karata hutia bakshishi zote katika sanduku moja, kisha hugawana kulingana na saa za kazi. Juma moja Verlene alitoka na bakshishi za dola mia moja na arobaini tu.

Mwingine angeuliza. Verlene akabadilisha soksi. Alivaa nyekundu, zikamgomea. Akavaa blauzi ndani nje. Akatia chumvi kwenye viatu, akapata malengelenge. Ukikaa miaka tisa na wacheza kamari, ugonjwa wao utakuambukiza tu. Kila kitu utakiita bahati.

"Nyota yangu imezimika," alimwambia Cleophus. "Ijumaa naacha kazi, barua nimeshaiandika. Kituo cha mafuta wanatafuta mtu wa kukaanga kuku."

"Wewe, kukaanga kuku? Yule wa mwisho mbwa alikataa kumla, akaenda kumzika!"

Verlene hakucheka. Hapo Cleophus akajua jambo ni zito, maana mkewe hucheka hata kwenye mazishi.

Jirani yao ni Bi Thuy, mama wa Kivietnamu, mjane wa mvuvi. Naye aligawa karata miaka ishirini na mmoja kabla ya kustaafu. Jumatano Verlene alimkuta barazani akimenya kamba. Akaketi, akachukua kisu, akamwaga yote ya moyoni: nyota, soksi, chumvi na kuku.

Bi Thuy alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Juma lile ulifanya kazi saa ngapi?"

"Arobaini."

"Kima cha chini cha mshahara hapa ni dola saba na robo kwa saa. Zidisha."

Verlene ni mtu wa hesabu hata usingizini. "Mia mbili na tisini."

"Kasino ilikupa ngapi?"

"Themanini na tano na senti ishirini."

"Ongeza bakshishi zako."

"Mia mbili ishirini na tano na senti ishirini."

"Pungufu?"

"Sitini na nne na senti themanini."

"Nani anaulipa huo upungufu?"

"Mimi, Bi Thuy. Nani mwingine? Bahati yangu mbaya."

Bi Thuy akamrushia ganda la kamba. Likamnasa nyweleni.

"Mwanamke wewe! Bahati ni ya huyo aliyekaa upande wa pili wa meza. Yeye amekuja kucheza, wewe umekuja kazini! Mwajiri ameruhusiwa kukulipa kidogo kwa sababu bakshishi zinatarajiwa kujaza pengo. Zisipojaza, analijaza yeye. Ndiyo sheria."

"Mbona hawakuniambia?"

"Walitakiwa wakuambie. Hawakusema, nawe hukuuliza, ulikuwa unashughulika na soksi."

Verlene akacheka mpaka ganda likaanguka.

"Na meneja asitie mkono kwenye sanduku lenu," Bi Thuy akaendelea. "Zile si zake. Pia usisikilize habari za mashogazo wanaogawa karata jimbo la Nevada. Kule bakshishi haipunguzi mshahara hata kidogo. Uliza sheria ya mahali unapofanya kazi. Andika saa zako na bakshishi zako kila juma, maana kila juma linahesabiwa peke yake. Wakikuzungusha, Idara ya Kazi wana simu ya bure. Na hairuhusiwi kukufukuza kwa sababu umedai haki yako."

Kesho yake Verlene alikwenda ofisi ya mishahara na karatasi zake. Nyuma yake walikuja wagawa karata wanne. Walisema wanamsindikiza tu, lakini kila mmoja alikuwa na karatasi zake mfukoni.

Karani, Bwana Delbert Necaise, akatabasamu. "Bi Verlene, mbona juma la Mwaka Mpya mlipata bakshishi tele? Juma moja juu, jingine chini. Mwishoni mambo yanalingana."

Kidogo Verlene akubali. Maneno yalikuwa matamu. Kisha akakumbuka aliyasikia wapi.

"Bwana Delbert, hayo ndiyo anayosema mteja wangu kabla hajauza gari lake. Kila juma linahesabiwa peke yake. Juma nono halilipii juma lililokonda."

Wale wanne wakapasuka kicheko. Bwana Delbert akafungua kompyuta, akahesabu. Akahesabu tena. Masikio yakamwiva kama kamba aliyechemshwa.

"Tumekuwa tukijumlisha mwezi mzima," akasema polepole. "Tumekosea. Nipeni mpaka siku ya mshahara."

Siku ya mshahara ilifika, na wagawa karata wote kumi na wanne wakajaziwa pengo la kila juma lililopungua. Verlene alipata dola mia tatu na kumi na moja juu ya mshahara wake. Barua ya kuacha kazi aliichana, na kuku wa kituo cha mafuta wakaepuka aibu. Jumapili walipika sufuria kubwa ya kamba uani kwa Bi Thuy, Cleophus akacheza mpaka mshipi ukakatika. Watu wakamsihi aketi, naye akashika suruali kwa mkono mmoja na kuendelea.

Mwezi uliofuata mvua ilinyesha siku tatu. Basi la Alabama halikuja. Verlene alisimama kwenye meza tupu, karata zimepangwa vizuri mbele yake, akiimba kwa sauti ya chini.

Msimamizi akapita. "Bi Verlene, mbona una furaha hivyo? Hakuna hata mteja mmoja."

"Nawasubiri."

"Na wasipokuja?"

"Wasipokuja," Verlene akasema, "mimi si nimekuja kazini?"