Mkono wa Kushoto wa Koti

Serikali ya jeshi ilipowaambia Wahindi waondoke Uganda, maduka yao ya Old Kampala yalifurika watu waliofuata bei ya kutupa. Nabwire, fundi cherehani, alishika kitambaa kizito cha rangi ya kahawia. Ncha ya pili ikashikwa na polisi mrefu, kaptura yake imepigwa pasi ikanyooka.

"Niachie, sebo. Niachie, bwana."

"Niachie wewe, nyabo. Blanketi hili nimeliona kwanza."

"Blanketi! Hayo ni manyoya ya ngamia."

Polisi akacheka. "Basi mimi ninunue ngamia, wewe umshone. Naitwa Olweny. Lindo la usiku lina baridi, nataka koti."

Manyoya ya ngamia hulala upande mmoja, na kila kipande cha koti hukatwa kufuata upande huo. Nabwire alilijua hilo vizuri. Lakini siku ya kukata, Olweny aliketi kando ya meza akimchekesha, na mkono wa kushoto ukakatwa kinyume. Rangi yake ilikolea kuliko ya mkono wa kulia, na ukiupapasa kushuka chini unakwaruza. Kitambaa kingine hakikubaki.

"Uache hivyo hivyo, mpenzi," Olweny alisema, akijigeuza mbele ya kioo. "Kampala nzima nani ana mkono kama huu? Mwezi ujao nawaleta wazee kwenu."

Nabwire akaanza kujishonea gauni la harusi.

Kisha Amito, mshonaji mwenzake, akamwambia amemwona Olweny kwenye basi la Gulu, akimfuta mwanamke machozi. Simu ya duka la jirani ilipolia, Nabwire aliipokea amefura.

"Ni dada yangu, Joska," Olweny alisema haraka haraka. "Namrudisha nyumbani. Watu wa kwetu wanachukuliwa na wanajeshi, hawarudi, Nabwire. Hata mimi..."

"Polisi ana dada kila mtaa!"

"Niamini, mpenzi."

Nabwire akakata simu.

Haikulia tena. Hasira ilipomwisha, alikwenda kwenye kambi ya polisi kumuulizia. Wakamjibu hawamjui mtu huyo.

Miezi ikapita. Asubuhi moja ya manyunyu, sokoni Kalerwe, mwanamume asiyemfahamu, mwenye miwani myeusi, alishuka kwenye gari la jeshi kununua ndizi. Alivaa koti la kahawia. Mkono wa kushoto ulikolea rangi kuliko wa kulia.

Nabwire akaweka kapu lake chini. Akamsogelea.

"Unatazama nini, nyabo?"

"Kuna uzi, sebo. Nikutolee."

Akaupapasa mkono ule taratibu, kutoka begani hadi mwisho wake. Ukamkwaruza kiganja.

"Nimekuamini," akanong'ona.

"Unasemaje?"

"Nasema uzi umetoka, sebo."