Upande wa Pili wa Santuri

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ni kuokota pini. Bibi yangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani hata awe hodari vipi lazima adondoshe pini. Basi mimi huingia chini ya meza na sumaku yangu, huku juu cherehani inanguruma na Bibi anaimba bila maneno, mdomo umefumbwa. Nyimbo zake ni tano. Akimaliza wa tano, anarudi wa kwanza. Wa sita sikuwahi kuusikia tangu nizaliwe.

"Bibi, huchoki na nyimbo hizo?"

"Nichoke nini? Okota pini."

Shuleni wananiita Chiriku, maana mdomo wangu haupumziki. Kila sherehe, anayesimama kuzungumza mbele ya wazazi ni mimi. Kwa hiyo mwalimu wa muziki alipotangaza maonyesho ya albamu za wasanii weusi zilizobadilisha maisha ya wasikilizaji, nilijua nafasi ni yangu.

"Kila mmoja amuulize mtu wa nyumbani kwake," alisema Mwalimu. "Albamu gani ilimgusa? Ilimbadilisha vipi? Mwimbaji awe wa hapa au wa ng'ambo, mimi nataka habari za msikilizaji."

Mimi sikumwuliza mtu. Ningeuliza nini, na kwetu hata redio haikamati vizuri? Nikatunga hotuba yangu tamu, yenye maneno makubwa na isiyo na mtu ndani yake.

Jumatano Kidoti akaja na santuri halisi. Kidoti ni msichana mpole wa darasa letu, ana doti nyeusi juu ya mdomo. Kwenye jalada alikuwamo mwanamke mweusi mwenye gauni la manjano, ameketi mbele ya kinanda, shavu juu ya kiganja. Darasa zima likafanya, "Aaa!"

"Ni ya mama yangu," Kidoti alisema kwa sauti ndogo. "Yuko mbali kikazi, sasa mwaka wa pili. Jumapili mimi na baba tunaipiga tukiosha vyombo, kama tulivyokuwa tukifanya naye."

Maneno hayo tu! Mwalimu akavua miwani, akaipangusa. "Ijumaa kwenye maonyesho utazungumza wewe," akamwambia.

Jamani, roho iliniuma! Kidoti, ambaye hata akijibu hesabu hasikiki mpaka umsogelee? Usiku ule kila nikifumba macho namwona amesimama mahali pangu, anapigiwa makofi yangu.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kufagia darasa. Wenzangu walipotoka, nilifungua kabati Mwalimu alimoihifadhi santuri, nikaitoa, nikaitia kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa alionishonea Bibi wa kubebea vifaa vya kuchorea. Siibi, nilijiambia. Naificha tu. Jumatatu nitajifanya nimeiona nyuma ya kabati. Nilikuwa nimefika getini niliposikia sauti ya Kidoti, aliyerudi kuichukua: "Mwalimu, haimo!" Nikaongeza mwendo.

Nyumbani nikaingia chini ya meza, kimya. Kumbe Bibi ameona mkanda wa mfuko umefumuka, akauvuta aushone. Cherehani ikanyamaza.

"Umeitoa wapi hii?"

Nilichungulia. Bibi ameshika jalada kwa mikono miwili.

"Nime... nimeazima. Kwa mwenzangu."

"Umeniazimia mimi?"

Mimi Chiriku nikaitikia kwa kichwa tu.

Bibi akaketi. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Kwenye karakana walinipa kazi ya kutia vifungo tu, vifungo asubuhi mpaka jioni. Upande wa pili wa ukuta wa chumba nilichopanga alikaa msichana wa rika langu, karani. Kila asubuhi akijiandaa kwenda kazini anaweka jalada hili dirishani na kupiga santuri. Nililitazama gauni hili mpaka nikaliota. Nikakata magazeti nipate umbo lake, nikakosea, nikakata tena, hadi nikalishona lote, mabega na kila kitu. Fundi mkuu alipoliona, siku hiyo hiyo akanipa cherehani. Huyu mama aliyekaa hapa ndiye aliyenifanya fundi, na wala hanijui."

Halafu akageuza jalada. Nyuma kulikuwa na picha ya mwimbaji amesimama, ametupa mgongo. Bibi akaisogeza karibu na macho.

"Kumbe ni zipu! Mimi mgongoni sikuwahi kupaona, nikakisia vifungo kumi na viwili! Miaka arobaini wateja wangu wanahangaika navyo bure!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na zile nyimbo zako tano?"

"Ni za upande wa kwanza. Ukiisha, jirani anazima, anakwenda kazini. Upande wa pili sijausikia mpaka leo."

Akasimama, akajifunga kitambaa kichwani. Futi yake ya kupimia alisahau kuitoa shingoni. "Twende kwa fundi redio. Ana gramafoni."

Kwa fundi redio ni nyumba ya tatu tu, lakini siku hiyo ilikuwa mbali. Kila tuliyekutana naye, Bibi alimsimamisha. "Mjukuu wangu kaniazimia santuri! Huyu mtoto ana roho nzuri, nyie!" Kila sifa ilinichoma kuliko pini.

Fundi redio aliifuta santuri kwa kitambaa laini, akaiweka upande wa pili juu. Ikaanza kuzunguka. Bibi akafumba macho. Mimi nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na Bibi angesikia alichokingoja miaka arobaini. Fundi redio akainua mkono wa gramafoni.

"Bibi, sikuazima," nikasema. "Nimeiba."

Mkono wa fundi redio ukabaki hewani. Bibi alifumbua macho, akanitazama, akaitazama santuri inavyozunguka.

"Zima, mwanangu," akamwambia fundi redio.

"Mama, wimbo mmoja tu, kwani itapungua?"

"Zima. Sijakaribishwa na mwenyewe."

Hakunipiga, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliirudisha santuri ndani ya jalada polepole, akaniambia, "Nionyeshe kwao." Njiani hakumsimamisha mtu.

Baba yake Kidoti ni fundi rangi. Alitufungulia akiwa bado na madoa meupe kwenye nywele. Nyuma yake alisimama Kidoti, macho yamevimba kwa kulia. Bibi alinisukuma mbele.

"Niliichukua mimi," nikasema. "Nilikuonea wivu. Nilitaka nizungumze mimi. Naomba unisamehe."

Baba mtu aliitoa santuri, akaikagua pande zote mbili kwenye mwanga, akashusha pumzi. "Unajua mke wangu ameniuliza nini kwenye simu leo? Ameniuliza kama santuri yake imependwa. Sikuwa na jibu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Si ungeniambia tu?" Kidoti akasema. "Mimi wala sitaki kuzungumza mbele za watu!"

Bibi akaomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu, akageuka aondoke. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi ya maana. Nikawaeleza habari zote: karakana, dirisha, gauni, upande wa pili. Baba yake Kidoti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akamwambia Bibi, "karibu ndani. Tusikilize wote."

Bibi alisimama kizingitini, mkono kwenye mwimo wa mlango, muda mrefu. Halafu akavua viatu, akaingia.

Wimbo wa sita ulikuwa wa polepole, kinanda peke yake kwanza, kisha sauti. Bibi alilia waziwazi, akijifuta kwa ncha ya futi yake. Tukasikiliza mpaka sindano ilipofika mwisho.

"Yule jirani wa zamani," Bibi akaanza, akinitazama mimi, "aliniambia maneno haya haya. Karibu ndani, tusikilize wote. Aliniita mara tatu."

"Ukakataa?"

"Nikakataa. Yeye ana gramafoni, ana kazi ya mezani, mimi nina vifungo vya watu. Nilimwonea wivu mpaka nikasema, nani anamtaka huyo na santuri yake! Baadaye akahama. Sasa niambie, wivu wangu ulimpunguzia nini? Hata wimbo mmoja haukumpungukia. Aliyekosa ni mimi, nimeishi na nusu ya santuri kwa miaka arobaini. Wewe una miaka kumi na miwili. Mwenzako akiwa na kitu kizuri, mgongee mlango, mwambie nami naomba nisikilize. Usingoje ufike umri wangu."

Ijumaa asubuhi nilimweleza Mwalimu mwenyewe. Alinipa adhabu ya kufagia darasa wiki tatu, tena mlango ukiwa wazi. Kidoti alizungumza, sentensi chache tu, na ukumbi mzima ukasogeza viti kumsikiliza. Mimi nilisimama pembeni nimemshikia jalada. Ukutani tulitundika gauni la kwanza la Bibi, la manjano, na vifungo vyake kumi na viwili mgongoni. Makofi yalipopigwa, nami nilipiga kwa nguvu, ingawa moyo bado uliniuma kidogo.

Jioni niliingia chini ya meza na sumaku yangu. Bibi aliimba wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Nikatulia, nikangoja. Cherehani ikaendelea kunguruma, na ukaja wa sita.

"Umekosea hapo katikati, Bibi."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana Jumapili tumealikwa tena."