Mkazi wa Thelathini na Moja

Karatasi ilikuwa na saini thelathini Nesi alipoilaza kwenye kimeza cha kando ya kitanda, akaikandamiza kwa glasi ya maji, akavuta pazia na kulala. Hesabu hiyo alikuwa na hakika nayo, maana saini ya thelathini aliipata asubuhi hiyohiyo kwa fundi saa, akiwa bado na sare ya kazini na miguu imemvimba kwa zamu ya usiku kucha. Alipoamka saa nane mchana, koo limemkauka, akanyoosha mkono kuchukua maji, zilikuwa thelathini na moja.

Ya mwisho haikuwa jina. Ilikuwa alama ya kijivu, kama mtu amechovya kidole kwenye majivu mabichi akakibonyeza pale, ila kidole chenyewe kilikuwa chembamba na kirefu mno. Akaisogeza karatasi puani. Ilinuka moto uliozimwa kwa maji.

Akageuka kuutazama mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama alivyoliacha. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini siku ya nne.

"Ni uchovu tu," alijiambia kwa sauti. "Nimeshika karatasi na vidole vichafu." Akaenda kuoga, na maji yalimwagika muda mrefu kuliko kawaida yake.

Karatasi hiyo ilikuwa ya kupinga chekechea. Aliyetaka kuifungua ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Mwalimu alipunguzwa kazi mwaka uliotangulia. Alikaa ndani miezi mitatu bila hata kuchana nywele, kisha siku moja akatoka na ufagio, akafungua nyumba ya marehemu baba yao iliyokuwa imefungwa tangu mzee azikwe. Alifuta buibui, akapaka madirisha rangi ya manjano, akanunua mikeka na vikombe vidogo vya plastiki. Akiba yake yote ya maisha iliingia mle.

Tatizo ni kwamba chumba cha kulala cha Nesi na sebule ya marehemu mkwewe viligawana ukuta mmoja.

Mtaa uligawanyika. Kina mama wenye watoto walishangilia. Wengine wakasema choo ni kimoja, magari yatajaa getini, na kelele zitawatoa watu roho. Kwenye mkutano uani kwa mwenyekiti, kinyozi, ambaye hakuwa na simile kwa mtu yeyote, alisimama akasema, "Nyie mnaogopa kelele za watoto, mbona redio zenu hamziogopi? Na Nesi, ukitaka kimya kabisa, si uhamie mochwari? Iko hukohuko kazini kwako!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, kinyozi mwenyewe akiwazidi wote. Nesi hakucheka. Miezi miwili nyuma, jirani wa ng'ambo alipokuwa anavunja ukuta wake kutwa, Nesi alikaa siku tano bila usingizi wa maana. Usiku wa tano, katika wodi ya watoto, alivuta dawa kwenye sindano mara kumi ya kipimo, na angeichoma kama mwenzake asingemkamata mkono. Mwenzake alinyamaza. Yeye pia alinyamaza. Lakini kila akifikiria watoto thelathini wakiimba nyuma ya kichwa chake asubuhi, aliiona ile sindano.

Kwa hiyo aliandika, kwa lugha nzito ya kiofisi: "Sisi wakazi wote wa mtaa huu, tuliohudhuria mkutano na tusiohudhuria, hatutaki kelele hapa." Kisha akapita nyumba kwa nyumba.

Tangu siku ile ya alama ya kijivu, Nesi alipata usingizi ambao hakuupata tangu aolewe. Akiweka tu kichwa kwenye mto, mtaa ulizimika kama redio. Siku moja alichungulia dirishani kabla ya kulala, akawaona kuku wa jirani wakipigana, mabawa yanapiga chini, vumbi linatimka, na hakusikia kitu. Akadhani masikio yameziba kwa uchovu. Akalala.

Siku ya tatu kinyozi alifungua kibanda chake, akafungua na mdomo, pasitoke neno. Aliandika kwenye kipande cha boksi: NIMEKAUKIWA. Wateja walimcheka, wakasema Mungu amewasikia. Siku ya pili yake hakuna aliyecheka. Kinyozi alimfuata Nesi, akakaa kwenye kigoda, akaachama. Nesi alimulika tochi. Koo lilikuwa safi, jekundu, zima kabisa. Ila humo ndani, kutoka chini kabisa, ilipanda ile harufu ya moto uliozimwa kwa maji, na Nesi akazima tochi.

"Kunywa maji ya vuguvugu," alimwambia, akamfungia mlango haraka.

Asubuhi iliyofuata, Nesi akiwa kitandani, mtoto mchanga wa kinyozi alikuwa analia nyumba ya tatu. Nesi alijifunika mto. "Mtoto huyu naye! Si anyamaze hata saa moja?" Kilio kikakatika hapohapo, katikati, kama uzi uliokatwa kwa mkasi.

Jioni alipotoka kwenda kazini alimkuta mke wa kinyozi amekaa kizingitini, kichanga mapajani, kanga imemdondoka begani na hana habari. "Dada Nesi," alinong'ona, "mwangalie mwanangu. Analia, lakini halii."

Mtoto alikuwa ameachama, fizi nje, ngumi zimekunjwa, machozi yanamchirizika mpaka masikioni, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu zake zote. Hapakuwa na sauti. Nesi alimpokea, akamgusa, akamgeuza, akamrudisha, akasema wampeleke hospitali, akijua moyoni kwamba hospitali haina dawa yake. Njia nzima alikuwa anasikia maneno yake mwenyewe. Si anyamaze hata saa moja.

Kesho yake saa nne asubuhi Mwalimu aligonga. Alikuwa amekonda. Nesi alimkaribisha chumbani, maana huko ndiko kulikuwa na kiti kizima, naye akakaa akiukabili ule ukuta.

"Wifi," Mwalimu alianza, "wanasema nimeleta uchawi mtaani. Mwenyekiti ameniambia nifunge kabla sijafungua. Sina pa kwenda. Nimekuja kwako kama ndugu, maana hata kama mimi hunipendi, basi..."

Midomo yake iliendelea kutembea, lakini sauti ilikuwa imeondoka. Mwalimu alijishika koo, macho yakamtoka. Na hapo, nyuma ya ukuta, ndani ya nyumba tupu ambayo funguo zake zilikuwa mapajani mwake, sauti ileile ya Mwalimu ikamalizia: "...basi mpende baba aliyetuachia nyumba hizi."

Walitazamana. Hakuna aliyethubutu kuinuka. Kisha Nesi, bila kujua nani anamsukuma, alisogea akalaza sikio ukutani, na ukuta ulikuwa na joto kama paji la mgonjwa wa homa, na kutoka upande wa pili alimsikia kinyozi akicheka kile kicheko chake cha mkutanoni, akicheka bila kupumzika, bila kuvuta pumzi, na chini ya kicheko, kichanga kikilia kile kilio kilichokatika, kikiendelea kutoka palepale kilipokatika, na sasa Mwalimu akihesabu kama anavyohesabu na wanafunzi, moja, mbili, tatu, akirudi tena moja, na sauti zote zikizunguka chumba polepole kama vitu vilivyobebwa mikononi na mtu anayetembea peku, zikakaribia, zikakaribia zaidi, mpaka zikawa upande wa pili wa tofali palepale sikio lake lilipo, na zote zikanyamaza kwa pamoja, na sauti ambayo haikuwa ya mtu yeyote, laini, yenye heshima, ikasema: "Lala, mwanangu. Nitawanyamazisha wote."

Nesi alimshika wifi yake mkono, wakatoka mbio hadi barabarani, yeye peku, mwenzake na kiatu kimoja.

Kule hospitalini palikuwa na dobi, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji, aliyefua mashuka ya wodi zote. Watu walijua, ingawa hawakusema mbele ya madaktari, kwamba anafua na mengine. Nesi alimkuta kati ya marobota, akamsimulia yote, akampa karatasi. Dobi aliisoma polepole, midomo inacheza.

"Nani aliandika hapa, 'wakazi wote, tuliohudhuria na tusiohudhuria'?"

"Mimi."

"Basi huyu hakuhudhuria." Aligusa ile alama kwa ukucha. "Lakini ni mkazi. Ile nyumba imekaa tupu, akaipenda kwa kimya chake. Ukampelekea karatasi bila kujua, naye akatia saini."

"Nifanye nini? Mfukuze, dada yangu. Nitakupa chochote."

"Jini anayekuchukia ni kazi ya asubuhi moja," Dobi alisema, akishusha sauti. "Huyu hakuchukii. Anakutumikia. Siwezi kumfukuza mtumishi wa mtu mwingine. Utamwachisha kazi mwenyewe, mbele ya aliowadhulumu, na utasema sababu iliyokufanya uandike. Ile ya kweli, siyo hii ya kiofisi. Ukishaitoa nje, hataipata tena ndani yako, na hana pa kushika."

"Na nisiposema?"

"Mtaa una watu wangapi?"

Walikutana siku iliyofuata, jua likiwa kali, sebuleni kwa marehemu. Kinyozi alikuja na mkewe na kichanga. Mwalimu alifungua mlango. Ndani mlinuka majivu mabichi hadi kichanga kikageuza uso. Mikeka mipya iliyokuwa imekunjwa pembeni ilikutwa imekunjuliwa yote, imepangwa kuelekea ukuta wa Nesi, na kila mmoja ulikuwa umebonyea katikati, kama umekaliwa.

Dobi aliweka beseni la maji safi sakafuni. "Anza," alisema. "Usigeuke nyuma."

"Mimi ndiye niliyeandika," Nesi alisema. "Mimi ndiye niliyekutuma. Kazi yako imekwisha." Ubaridi ulimpanda mgongoni, mtu akasimama nyuma yake karibu kiasi cha kumpumulia kisogoni, na yule mtu akasema kwa sauti ya kinyozi, "Bado," na kwa sauti ya Mwalimu, "Hujalala vya kutosha," na kwa kilio cha kichanga, bila maneno. "Sikuandika kwa ajili ya magari," Nesi aliendelea, na sauti yake ilikuwa inapungua, inazidi kuwa nyembamba. "Wala choo. Niliandika kwa sababu nilikaribia..."

Sauti ikaisha. Alijaribu tena, akasikia neno lake "nilikaribia, nilikaribia" likitembea nyuma yake chumbani, kwa furaha, kama mtu anayejaribu nguo mpya. Mwalimu alimshika kiwiko. Hapo Nesi aliinyakua ile karatasi mkononi mwa Dobi, akapiga magoti, akailaza sakafuni, akaandika kwa kalamu ya mfukoni iliyotoboa karatasi: *Nilikaribia kumuua mtoto wa watu. Kitanda cha sita. Dawa mara kumi. Naogopa mikono yangu, siogopi watoto.* Alimwonyesha Mwalimu. Alimwonyesha kinyozi. Alimwonyesha mke wa kinyozi, ambaye alisoma akimkumbatia mwanawe kwa nguvu zaidi, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kisha akalikata jina lake, mstari juu ya mstari, mpaka halikusomeka, akaitumbukiza karatasi ndani ya beseni.

Kichanga kikapasua nyumba kwa kilio.

Kinyozi akaanza kukohoa na kulia kwa sauti, mwanamume mzima. Kitu chenye joto na unyevu kikawapita miguuni kuelekea mlangoni, pazia likavimba kwa nje bila upepo. Maji ya beseni yalikuwa meusi kama ya kuoshea masufuria.

"Ametoka?" Mwalimu aliuliza, akaguswa na sauti yake mwenyewe, akaziba mdomo.

Dobi alikuwa tayari anakunja mikono ya gauni lake. "Humu ndani ametoka," alisema. "Huko nje sijui. Kwani mtaa ni wangu?"

Nesi alikwenda mwenyewe kwa muuguzi mkuu akasema yote. Walimwandikia onyo, wakamwondoa zamu za usiku. Kinyozi alirudia utani wake, ila hakumtania tena Nesi. Na chekechea ilifunguliwa, ikiwa na watoto kumi na wanne, na mwenyekiti akaja kupiga picha kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Siku ya kwanza Nesi alikuwa mapumzikoni, akaja kumsaidia wifi yake. Alisimama mlangoni akipokea mikoba. Ndani watoto waliimba kwa makelele, nusu hawajui maneno, na Nesi alijikuta anatabasamu. Wa mwisho kufika alikuwa kibinti cha miaka minne hivi, soksi moja imeteremka. Kilisimama kizingitini, kikashika sketi yake kwa adabu.

"Shikamoo," kilisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kibinti kilimtazama Nesi kwa mshangao kidogo. "Siyo wewe," kilisema. Kikageukia kona tupu nyuma ya mlango, kikainua kichwa juu sana, karibu na dari, kikasubiri. Kisha kikatabasamu, kama mtoto aliyeitikiwa, kikakimbia kwenda kuimba na wenzake.