Kipandio cha Kumi

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili za jioni, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, rafiki yangu Balthazar Kambale, fundi seremala, alijibu "Karibu, mama" kwa mtu ambaye hakuna aliyemwona.

Saa nina uhakika nayo. Niliisoma kwenye dashibodi ya gari langu. Gari la Balthazar lilikuwa gereji kule St Marys, hapa Sydney, kwa hiyo wiki hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata kazini jioni. Siku hiyo mkewe, Chibalonza, alikuja nami. Alitaka kuiona ngazi ya nyumba anayoijenga mumewe ikiwa imekwisha. Tulisimama kwenye geti, hatua kama themanini kutoka kwenye nyumba. Nikazima injini, nikafungua mlango nishuke kutoa mnyororo.

Ndipo nikaisikia sauti ya Balthazar kutoka juu, barazani.

"Karibu, mama! Panda tu!"

Nikamgeukia Chibalonza. Alikuwa kwenye kiti, mkanda umefungwa, mikono juu ya tumbo. Mimba yake ilikuwa na wiki thelathini.

"Anaongea na nani?" akaniuliza.

Nyumba yenyewe ni ya Kithai, ya mbao tupu, imesimama juu ya nguzo kando ya bwawa, kwenye shamba moja nje ya Campbelltown. Mwenyewe ni Bi Orathai, muuguzi mstaafu. Aliinunua ikiwa kuukuu, kwenye kijiji cha mifereji kaskazini ya Bangkok, ikafumuliwa ubao kwa ubao, ikaletwa Sydney ndani ya kontena. Haina msumari hata mmoja. Kila kiungo ni ulimi na tundu, na kigingi cha mbao.

Fundi mkuu, mzee Prasert, alikuja kutoka Thailand na kukaa wiki sita. Alimchagua Balthazar baada ya kumwona akichonga tundu moja kwa patasi. Balthazar alikuwa fundi kule Butembo, Kongo, kabla ya vita kumtoa. Miaka minne hapa Sydney alikuwa akipanga maboksi kwenye ghala la Seven Hills. Alipopata kazi hii alinipigia simu akicheka: "Mwiti, mikono yangu imekumbuka jina lake."

Mzee Prasert hakujua Kiswahili, Balthazar hakujua Kithai, na Kiingereza chao kilikuwa cha kuombana vifaa. Siku ya kuondoka mzee alimpeleka Balthazar mahali ngazi itakapokaa, akamwonyesha vidole tisa. Akavirudia. Tisa. Kisha akaonyesha kumi, akatikisa kichwa kwa ukali, akavikunja vyote.

Balthazar alidhani ni kipimo tu, akachonga vipandio tisa.

Jumatatu ya tarehe 16 mkaguzi wa majengo alikuja na futi yake. Alisema vipandio viko juu mno, mtu ataanguka, na kwa kimo kile lazima viwe kumi. Bi Orathai alikuwa kwa binti yake Melbourne. Balthazar hakuona sababu ya kumsumbua. Jumanne akaifumua ngazi, akapanga upya, akaongeza kipandio. Alimaliza saa kumi alasiri.

Tulipofika chini ya nyumba Balthazar alikuwa amesimama barazani, randa mkononi, anatazama chini kwa mshangao.

"Chiba? Si umebisha hodi sasa hivi?"

"Hodi gani? Nilikuwa kwa gari na shemeji."

"Usinichezee. Nimesikia 'Hodi, fundi.' Hapa chini. Njo nimeitika." "Njo" yao ya Kongo ni "ndio" yetu Wakenya.

Huo ulikuwa utani wao. Nyumba haikuwa na mlango bado, na kila Chibalonza alipoleta chakula alisimama chini na kuita "Hodi, fundi!" naye Balthazar akamjibu kama mwenye nyumba. Wiki tatu walikuwa wakifanya hivyo.

"Wakenya njo wanakuharibu masikio," Chibalonza akasema. "Unasikia Kiswahili mpaka kwa mabata."

Tulicheka, wote watatu. Kisha Chibalonza akainama kwenye ngazi.

"Ni nani amepanda na maji?"

Vipandio vyote kumi vilikuwa na alama za nyayo. Ndogo, nyembamba, vidole wazi. Zilikuwa zinapanda tu. Nilizifuata kwa tochi ya simu mpaka barazani, zikampita Balthazar kwa upande wa kushoto, zikaingia chumba cha kati. Hapo zikaisha.

Chumbani hamkuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya tope, na ya mafuta ya nazi.

Tukafunga geti, tukaondoka. Karibu na stesheni Chibalonza akasema, polepole, "Ametulia sana leo." Alikuwa anamaanisha mtoto.

Asubuhi ya Jumatano mtoto alikuwa hajacheza kabisa. Walimlaza Chibalonza hospitali, wakamfunga mkanda wa kusikiliza moyo tumboni. Moyo ulikuwa unapiga, lakini taratibu kuliko inavyotakiwa. Mtoto hakujitikisa. Walimpa maji ya baridi, wakamlaza ubavu, wakamtingisha tumbo. Alhamisi hali ni ile ile. Daktari alimwambia Balthazar kwamba Jumamosi asubuhi wataamua kama watamtoa mtoto kwa upasuaji, na kwamba kwa moyo ule hawezi kuahidi kitu.

Hii ilikuwa mimba yao ya nne. Hawakuwa na mtoto.

Ijumaa mchana Bi Orathai alirudi. Nilimpeleka Balthazar kwenye shamba amweleze kwa nini kazi imesimama. Bibi yule alishuka kwenye gari, akaitazama ngazi, akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipofika kumi akakaa kwenye nyasi.

"Ngazi ya witiri ni ya watu," akasema. "Ya shufwa ni ya wafu. Hawawezi kupanda tatu, tano wala tisa. Kumi wanapanda."

Balthazar alimsimulia yote. Mimi nilikuwa natafsiri pale Kiingereza chake kilipokwama. Alipolitaja neno "hodi", Bi Orathai aliinua uso.

"Hilo ni neno?"

"Ni neno," nikasema. "Mtu akifika kwa watu analisema kabla ya kuingia."

"Nimelisikia wiki mbili nzima kabla ya safari. Jioni, kutoka bwawani." Akageukia bwawa. "Nilidhani ni ndege."

Balthazar alishika nguzo.

Bi Orathai alisema anachojua, nacho si kingi. Nyumba ile ilikuwa ya mwanamke mjane ambaye hakuzaa. Wauzaji walipoifumua, mtu alipaswa kumwambia marehemu kwamba inahamishwa na kumwomba abaki. Bi Orathai alidhani wao wameomba, nao walidhani ameomba yeye. Mjane akaja na mbao zake. Alikaa nje, kwa sababu hakuwa na ngazi wala ruhusa. Akasikiliza watu wanavyoruhusiwa kuingia.

"Ng'oa kipandio," nikasema.

"Atabaki ndani. Na kitu alichokitaka atabaki nacho." Bi Orathai alimtazama Balthazar. "Nani alimkaribisha?"

"Mimi."

"Basi ni wewe wa kumtoa. Kwa lugha ile ile. Kwenu mgeni anafukuzwaje?"

Balthazar alifikiri. Nami nilifikiri. 

"Hafukuzwi," akasema Balthazar mwishowe. "Anasindikizwa."

Jua lilizama kabla ya saa kumi na moja. Saa kumi na moja na robo Balthazar alivua viatu, akapanda, simu yake mfukoni. Bi Orathai alipiga magoti nyuma ya nyumba, akafumba macho na kuanza sala zake. Mimi nilisimama chini, karibu na ngazi, simu mkononi. Chibalonza alikuwa ameniambia nisiizime.

Nilimsikia Balthazar akiongea chumba cha kati. Aliongea kwa adabu, kama anaongea na mama mkwe.

"Mama, tunashukuru kututembelea. Giza imeingia. Bibi yangu ni mgonjwa, hatuna nguvu ya kukukalisha. Sasa nikusindikize."



Kisha ubao mmoja ukalia.

Akatoka barazani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa pembeni, kiganja juu, kama anayemshika mtu mzima asianguke.

"Polepole, mama. Hapa pana utelezi."

Alikanyaga kipandio cha kwanza. Ngazi ikalia. Ikalia tena, bila yeye kusogea.

Kipandio cha pili. Mlio wake. Mlio mwingine.

Nilihesabu. Vipandio kumi, milio ishirini.

Alinipita karibu kiasi cha kunigusa. Harufu ya tope na mafuta ya nazi ilimfuata, upande wa kulia. Nyasi zilikuwa na umande. Nyuma yake zililala mistari miwili.

Alielekea bwawani.

"Balthazar," nikanong'ona. "Hapo panatosha. Muage, rudi."

"Sijaambiwa."

"Umwambie wewe!"

"Mwiti, weye unajua. Mgeni njo anasemaka 'rudia hapa'. Mwenye nyumba hasemi."

Ni kweli. Kwetu pia ni hivyo. Unamsindikiza mgeni mpaka yeye mwenyewe akuambie imetosha, urudi. Ukimwacha kabla, hujamsindikiza, umemfukuza.

Akaingia majini. Kwanza miguuni. Halafu magotini. Mkono wa kulia bado umenyooshwa. Alikuwa akiongea, lakini sasa kwa sauti ya chini, na katikati ya maneno yake alikuwa akinyamaza, kama anayesubiri jibu.

Nikaanza kukimbia kumfuata.

Simu ikalia.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na moja. Niliitazama skrini, nikapokea.

"Amecheza!" Chibalonza alikuwa analia. "Shemeji, amecheza! Amenipiga teke, manesi wote wameona! Mwambie! Mpe simu!"

Nikainua macho nimpe simu.

Bwawa lilikuwa tupu.

Niliingia na nguo zangu. Pale katikati maji yalinifika kifuani. Nilitafuta kwa miguu, nilitafuta kwa mikono, nikapiga mbizi mpaka nikameza tope. Nilimwita. Bi Orathai alikuja ukingoni na tochi, naye akamwita. Simu ilikuwa kwenye nyasi, haijakatika. Sauti ya Chibalonza ilikuwa inasema haloo, haloo.

Polisi walifika baada ya dakika arobaini. Mmoja aliandika maelezo yangu. Mwingine alikwenda hospitali kuongea na Chibalonza, nao wakanipigia simu nimtafsirie, kwa sababu alikuwa amekiacha Kiingereza kabisa. Walimuuliza mumewe yuko wapi.

"Amesindikiza mgeni," akasema.

Nilitafuta neno hilo kwa Kiingereza, sikulipata. Nikasema ametoka na mgeni, anamfikisha njiani. Polisi akaandika hivyo. Akauliza mgeni ni nani, jina lake, umri wake, amevaa nini. Kwa sababu ya sentensi ile, taarifa ya kwanza ilisema wanatafutwa watu wawili.

Nimeombwa mara mbili kuirekebisha. Bado sijaandika barua.

Wapiga mbizi walifanya kazi Jumamosi na Jumapili. Jumatatu tarehe 23 walileta pampu, wakalikausha bwawa mbele yangu. Mahali penye kina zaidi palikuwa mita moja na sentimita thelathini. Chini kulikuwa na tope, magugu na ndoo ya plastiki. Uzio wa upande wa pili ni wa waya wenye miba, na haukuwa umeguswa. Kwenye tope la ukingo ule wa mbali, polisi walipiga picha nyayo za jozi mbili, zinatoka majini, zinakwenda kwenye uzio. Upande wa pili wa uzio hazikuwepo.

Nimeziona picha hizo. Nyayo kubwa ziko kushoto. Ndogo ziko kulia. Umbali kati ya hatua na hatua haubadiliki.

Chibalonza alijifungua Jumapili tarehe 24 Agosti, saa tatu na dakika tano asubuhi. Ni msichana, kilo tatu na gramu mia moja, mzima. Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa baba, aliandika jina kamili la Balthazar na namba yake ya simu. Muuguzi aliipiga namba hiyo tukiwa wodini. Iliita mara sita, ikapokewa, ikakatwa.