Nukta Inayoruka

Nilikwenda kurudisha ufunguo tu. Giza linaanza kuingia, bawabu wa kituo cha nyota ananiona getini.

"Msomi! Bado hawajakuajiri?"

"Bado wananiombea dua."

Miezi kumi na mmoja nimejitolea pale. Digrii ya fizikia, first class, kazi yangu kufuta vumbi kwenye picha za anga za zamani, zile zilizopigwa juu ya vioo. Unaweka vioo viwili vya usiku tofauti kwenye mashine, unachungulia. Inakuonyesha kimoja, kisha cha pili. Tik. Tak. Nyota zinatulia. Kinachoruka si nyota.

Mimi ndiye niliyekiona kinachoruka. Nukta. Asteroidi, jiwe la angani, mbali kule ukingo wa nje wa ukanda wa mawe hayo, kuelekea sayari ya Mshtarii. Wiki tatu nikapiga hesabu za njia yake. Bosi akapeleka ripoti. Mgunduzi: yeye. Mimi nikapewa barua ya kuagwa: We appreciate your contribution. Contribution! Jina langu lingekaa pale juu, ningepata kazi popote. Nimelipwa ahsante, tena ya Kiingereza.

Nikaingia stoo ya vioo, nikauweka ufunguo mezani.

Tik... tak.

Nikageuka. Mashine inafanya kazi. Waya wake uko sakafuni.

Haujachomekwa.

Harufu ya siki ikanipanda puani, kama ya dawa za kusafishia picha. Na kuna mtu kaketi, ameinama kwenye lenzi. Mwanamke. Koti jeupe la kizamani, mgongo umepinda kama upinde.

"Shikamoo, mama..."

Akainua kioo ambacho sijawahi kukiona, kikuukuu, akakielekeza dirishani. Nukta yangu ilikuwemo. Yangu! Imezungushiwa wino, na chini yake jina limekwanguliwa kwa wembe.

"Miaka sitini," akanong'ona. "Bosi wangu naye alisema ahsante. Akalikwangua jina langu aandike lake. Hesabu hakuzijua... jiwe likampotea."

Hakugeuza uso.

"Nikupe nini, mwanangu? Jina lako... au macho ya bosi wako?"

Nilitaka jina. Naapa, nilitaka jina. Lakini hasira ilikuwa imenikaa kooni miezi kumi na mmoja, ikanitangulia kutoka.

"Macho."

Tak.

Kiti kitupu. Nikatoka mbio, hata mlango sikufunga.

Kesho yake bawabu akanipigia simu, sauti chini.

"Msomi, bosi wenu kachungulia ile mashine. Haoni."

"Haoni kabisa?"

"Anaona nukta. Anasema inaruka, inaruka... hata akifumba macho. Analia, anaomba tuizime."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kwenye orodha ya asteroidi mgunduzi bado ni yeye. Jiwe linazunguka jua huko, halina habari na mimi. Jana kituo wamenipigia: nafasi imepatikana. Ya kujitolea.

Ufunguo niliuacha mezani, nakumbuka vizuri. Leo asubuhi nimeukuta mfukoni mwangu.

Unanuka siki.