Mlango Usio na Ukuta

"Shukuru, niambie kweli. Ukuta iko wapi?"

Waridi alisimama mbele ya kiwanja cha nyumba ya mchumba wake, mikono kiunoni, jasho linamtiririka. Mbele yake palikuwa na nguzo mbili za matofali na mlango wa chuma wa samawati, mrefu kupita mtu. Kulia wazi. Kushoto wazi. Mbuzi mmoja alipita kando ya nguzo, akaingia, akatoka, akaingia tena.

"Bamesimamisha kazi," Shukuru akajibu.

"Nani?"

"Mama Marie wa bureau ya urbanisme, benye banatoaka ruhusa ya kujenga. Nilianza bila ruhusa. Tena ukuta ingekula njia ya bamama benye banaenda kuchota maji ku ziwa. Anasema nivute nyuma, niombe ruhusa, ningoje. Ata mulango alinigeuzisha. Ilikuwa inafungukia ku barabara, sasa inafungukia ndani."

"Ungoje mpaka lini?"

"Labda mwezi yenye inakuja."

"Shukuru! Ndoa ni Ijumaa!"

Jamani, Waridi alikuwa na sababu ya kupiga kelele. Baba yake, Mzee Assumani, mwenye mitumbwi ya injini hapo mjini Baraka, alishatoa sharti lake: binti yangu hataanikwa mahali wazi, bila ukuta hakuna ndoa. Na Mzee Assumani akisema, amesema.

Waridi akashusha sauti.

"Sikia. Kesho ni Jumapili, bureau imefungwa. Ita bafundi, mujenge. Jumatatu Mama Marie atakuta imeisha. Batu benyi banafanya vile."

"Hapana, Waridi."

"Unasema nini?"

"Bamama banapita pale na bidon ya maji ku kichwa tangu mi sijazaliwa. Nibafungie njia juu ya arusi yangu? Na siku ukuta itabomolewa, ibomolewe mbele ya batoto yako?"

"Kama unanipenda, jenga!"

"Nakupenda, njo maana sijengi."

Waridi aligeuka bila kuaga. Alilia njia nzima mpaka nyumbani, na huko akamkuta shangazi yake, Bushira, anachambua mchele.

"Mi nilisema!" Bushira akadakia. "Mwanaume mwenye kutaka kuoa anajenga. Ule anatafuta pa kukimbilia."

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa Shukuru:

"Papa yako aje Alhamisi ajionee. Akikataa, nitanyamaza. Lakini njia ya bamama siifungi."

Waridi akasoma mara mbili. Kisha akampelekea baba yake simu. Alikuwa na hasira mpaka kooni, na chini ya hasira alijisikia fahari, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Alhamisi ikafika. Mzee Assumani, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, akasimama ng'ambo ya barabara na Waridi na Bushira. Akautazama mlango ule uliosimama peke yake.

"Hii ni mulango ao ni muchezo?"

Bushira akaziba mdomo kwa kitenge. Ndani ya kiwanja, Shukuru alikuwa karibu na vyungu vya arusi. Waridi akajua basi, imekwisha.

Hapo ndipo akina mama wakatokea kwenye njia ya ziwa, msururu, bidon za maji ya kupikia pilau zimewakaa kichwani. Vyungu vilikuwa pale pale, hatua chache kutoka njiani, na hakuna hata kamba ya kuwazuia. Lakini wa mbele akapita moja kwa moja bila kuingia. Wa pili vile vile. Wakauzunguka uwanja wote, wakatokea barabarani, wakasimama mbele ya mlango wa chuma.

"Hodi!"

"Karibuni, bamama!"

Shukuru akauvuta mlango. Wakaingia mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Mama Chérie, mzee, shingo inamtetemeka, maji yanamwagikia mabegani. Mzee Assumani hakuvumilia.

"Mama, si ungepita tu pale? Maji inakulemea."

"Papa Assumani, mulango haiko pale."

"Lakini ni wazi!"

"Ni wazi kwa mbuzi." Mama Chérie akapumua. "Huyu mutoto alikataa kutufungia njia. Na siye tunamulindia mulango yake mpaka ukuta ifike. Tumeambiana bote: hakuna muntu atapita kando. Bibi arusi anakuja kukaa hapa."

Subhanallah! Waridi alitazama kulia, akatazama kushoto, pale pasipo na kitu, akajikuta anaogopa kupakanyaga, kama mtu aliyefika msikitini na viatu. Ukuta ule ulikuwepo. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wameusimamisha bila tofali moja.

Mzee Assumani akavuka barabara. Akaenda kwenye nguzo ya kushoto, akasimama ukingoni mwa uwazi. Hatua moja tu angekuwa ndani. Akaitazama ile nafasi tupu kwa muda mrefu, kisha akarudi nyuma, akaja mbele ya mlango, akaugonga kwa fimbo.

"Hodi."

Shukuru alishindwa kutoa sauti.

"Shukuru, jibu!" Waridi akalia kwa machozi.

"Ka... karibu, Papa."

Mlango ukafunguka kwa ndani. Mzee akaingia, akamshika bega.

"Ukuta uivute nyuma vile Mama Marie alisema. Ruhusa itafika siku itafika. Kesho unaoa."

Bushira ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, yule yule aliyesema Shukuru anatafuta pa kukimbilia.

Ijumaa jioni msafara wa arusi ulikwama barabarani, ngoma na yote, kwa sababu kila mgeni alitaka kupita mlangoni. Waridi akafika mwisho, shela usoni, akagonga chuma kwa kidole.

"Hodi," akanong'ona.

Shukuru akauvuta mlango mpaka mwisho.

"Weye unapiga hodi ya nini? Hapa ni kwako."